Scapa Flow au Maziwa Makuu ya Amerika: uende wapi kuzamia meli kwenye maji baridi?

Wengi wetu tulioanzia mbizi Nungwi, Mafia, Watamu au Diani tumelelewa na maji ya nyuzi 26 hadi 29. Suti ya milimita 3, mtungi mmoja mgongoni, karibu saa nzima chini bila kutetemeka. Kisha maisha yanakupeleka Glasgow, Toronto au Minneapolis, cheti kimo mkobani, na unaanza kusikia habari za meli nzima nzima zilizolala kwenye maji ya baridi kali. Ukiuliza uanzie wapi, utatajiwa sehemu mbili kabla ya nyingine zote: Scapa Flow, ghuba iliyo katikati ya visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, hasa Ziwa Huron linalogawanywa na Michigan ya Marekani na Ontario ya Kanada.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa anayetoka maji ya joto, nachagua Scapa kwanza. Maziwa yana meli nzuri zaidi, tena kwa mbali, lakini zile nzuri kupita zote ziko kwenye kina ambacho mgeni wa baridi hana ruhusa wala akili tulivu ya kukifikia. Kipimo changu ni dakika: kwa hewa uliyobeba na baridi iliyopo, utabaki na dakika ngapi za kuitazama meli, na katika dakika hizo utaona nini.

Scapa: manowari zilizozamishwa na wenyewe

Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma Novemba 1918, Wajerumani walilazimika kupeleka meli zao za kivita zikae chini ya ulinzi wa Waingereza wakati mkataba ukijadiliwa. Meli 74 zilikusanywa Scapa Flow. Tarehe 21 Juni 1919 kamanda wao, Ludwig von Reuter, akihofia kwamba Waingereza wangezitwaa, alitoa amri zizamishwe. Mabaharia walifungua valvu za chini, wakaacha milango na madirisha wazi, na kufikia jioni meli 52 zilikuwa zimekwenda chini. Wajerumani 9 walipoteza maisha siku ile, na amani ilikuwa imekaribia kutiwa saini.

Kuanzia 1924 mfanyabiashara wa vyuma chakavu, Ernest Cox, alianza kuziibua moja baada ya nyingine, na wengine wakaendeleza kazi hiyo hadi 1939. Zilizobaki, ambazo ndizo tunazozamia leo, ni saba kubwa: manowari nzito König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, na manowari nyepesi Dresden, Cöln, Brummer na Karlsruhe.

Mtu wa pwani ana sababu yake ya pekee ya kuitazama Karlsruhe. Ni ya kundi la manowari lililoitwa Königsberg, na jina hilo lilirithiwa kutoka kwa ile Königsberg tunayoijua sisi: iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikaangamizwa humo Julai 1915. Wajerumani walizipa manowari mpya majina ya zile walizopoteza mwanzoni mwa vita. Kwa hiyo kule Orkney, kwenye mita 26 hivi, amelala ndugu wa ile iliyorithi jina la manowari ya Rufiji. Kwa bahati mbaya Karlsruhe ndiyo iliyoharibiwa zaidi na wachuma vyuma. Mabamba yamefumuka, na mzamiaji asiye na ramani kichwani hupotea upesi: huwezi kujua kama uko omo (mbele) au tezi (nyuma).

Kinachoifanya Scapa imfae mgeni ni umbo la mahali penyewe. Visiwa vimeizingira ghuba pande zote, hivyo mkondo juu ya manowari hizi ni mdogo, na bahari nje inapochafuka ndani bado panazamika. Halafu tazama zilivyolala. Cöln, Dresden na Brummer zimelala kwa ubavu, sakafu ya bahari ikiwa kati ya mita 34 na 38, na ubavu wa juu unaufikia kwenye mita 20 na kitu. Maana yake ni kwamba unaanza chini, unakaa dakika zako chache karibu na mchanga, kisha unapanda taratibu ukiifuata meli yenyewe, na bado unaona kitu cha maana. Kwenye Dresden sitaha imebanduka upande wa omo na kuinamia sakafuni. Unapita mbele yake kwa polepole ukiona vyumba vilivyofunguka. Huhitaji kuingia ndani ya chochote.

Manowari nzito ni habari nyingine. Zilipinduka zikizama kwa sababu ya uzito wa mizinga na ngao za juu, kwa hiyo zote tatu zimelala mkuku (uti wa chini wa meli) juu. Ukifika kwenye Kronprinz Wilhelm kwenye mita 12 hadi 15, unachoona kwanza ni uwanja mpana wa chuma usio na sura: ni tumbo la meli. Wengi hukata tamaa hapo. Shuka ubavuni. Kijani cha maji kinakolea, unawasha tochi, na karibu na sakafu, kwenye mita 36 au 37, unamulika chini ya ukingo wa sitaha iliyopinduka. Pale kuna mtutu wa mzinga wa sentimita 30.5, mnene kuliko kiwiliwili cha mtu, umejikita kwenye tope na kuvikwa viumbe vya baharini. Mizinga hiyo ilifyatuliwa kwenye vita vya Jutland, kati ya meli za Wajerumani na za Waingereza, tarehe 31 Mei 1916. Iliyobaki duniani ya vita vile ni michache mno, na hii unaifikia kwa mtungi mgongoni. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulipia nauli ya kwenda Orkney.

Markgraf iko mita 45 na ndiyo nzima zaidi kati ya zile tatu. Hiyo ni ya siku za mwisho za safari, na ni ya wenye mafunzo ya kina hicho.

Tangu 2001 meli zote saba zinalindwa kisheria kama mabaki ya kale. Unatazama, huchukui hata msumari. Ndani ya ghuba hiyo hiyo kuna meli mbili za Kiingereza ambazo ni makaburi na kuzizamia ni marufuku: Vanguard iliyolipuka Julai 1917, na Royal Oak iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani U-47 tarehe 14 Oktoba 1939. Kila moja ilikufa na watu zaidi ya 800.

Maziwa: mbao ambazo bahari ingekuwa imeshazila

Waunda majahazi wa kwetu wanajua kwa nini chombo kinapakwa deheni (chokaa na mafuta) chini na sifa (mafuta ya samaki) juu. Ukikiacha hivi hivi, viumbe vya baharini vinavyotoboa mbao vinakila kuanzia mkukuni. Merikebu ya mbao ikizama baharini, baada ya miaka michache zinabaki nanga, mawe ya farumi (uzito wa kuituliza meli) na vyuma. Maziwa Makuu ya Amerika hayana viumbe hao, maji yake hayana chumvi, na chini kabisa ni baridi mwaka mzima. Kwa hiyo merikebu zilizozama karne ya 19 zimebaki na milingoti yake.

Nipe mfano wa Cornelia B. Windiate. Ilitoka Milwaukee mwishoni mwa Novemba 1875 ikiwa na shehena ya ngano, watu 9 ndani, ikaelekea Buffalo. Haikuonekana tena. Watu waliamini imezama Ziwa Michigan. Mwaka 1986 ikapatikana Ziwa Huron, karibu na Presque Isle, imekaa wima sakafuni kwenye mita 56, milingoti yake mitatu bado imesimama. Kinyume cha Scapa, hapa huhitaji kufikiria sana ili uielewe meli. Iko vile vile ilivyoondoka bandarini. Usukani uko tezi, na sitaha unaisoma kwa macho kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Au Ironton, iliyogongana na meli nyingine Septemba 1894. Watu saba waliingia kwenye mashua ya kuokolea, lakini kamba iliyoifunga kwenye meli haikufunguliwa kwa wakati, na meli ikaivuta mashua kwenda nayo chini. Walipona wawili. Ilipatikana 2019, na picha zilipotolewa 2023 zilionyesha ile mashua bado imefungwa kwa kamba ile ile. Hakuna bahari ya chumvi yenye joto ambayo ingeitunza kamba kwa miaka 125.

Hizi zote ziko ndani ya hifadhi ya Thunder Bay, yenye makao yake mjini Alpena, Michigan. Ilianzishwa mwaka 2000 na kupanuliwa sana 2014. Meli nyingi huwekewa maboya ya kudumu wakati wa kiangazi, kwa hiyo boti inafunga kwenye boya nawe unashuka na kupanda kwa kamba moja. Kwa mgeni wa suti kavu (isiyopitisha maji) jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, nami nitalirudia.

Tatizo la Thunder Bay ni kina. Windiate mita 56. Pewabic, iliyogongwa na meli dada yake Meteor mwezi Agosti 1865 ikiwa na abiria na shehena ya shaba, mita 50. Kyle Spangler, Typo, Defiance, Florida: zote mita 50 na zaidi. Anayezamia kwa hewa ya kawaida na mipaka ya mbizi za starehe ya mita 40 atabaki na zile za kina kifupi kuliko hicho, kama E.B. Allen na Grecian, zilizo mita 30 hivi. Ni meli nzuri, usinielewe vibaya. E.B. Allen ni merikebu iliyozama 1871 na umbo lake limekamilika. Lakini utarudi bandarini ukiwasikiliza wenzako wakisimulia Windiate, na hapo ndipo watu hufanya haraka wasiyoyaweza.

Kaskazini zaidi, kwenye mlango wa Mackinac, kuna Cedarville, meli ya chuma ya urefu wa mita 179 iliyogongana kwenye ukungu na meli ya Norway tarehe 7 Mei 1965. Nahodha alijaribu kuipeleka ufukoni ikiwa na mzigo wa mawe ya chokaa. Haikufika, na watu 10 walikufa. Sakafu ni mita 32 hivi na sehemu ya juu kabisa iko karibu na mita 12. Ukiniuliza ni meli gani ya Maziwa inayokaribia kumpa mgeni kile Scapa inachompa, nitasema hii. Tahadhari yake ni kwamba imevunjika vipande viwili na imeinama karibu kupinduka. Kuta zinakuwa sakafu, ngazi zinakwenda upande, na ndani yake watu wamepoteza njia. Baki nje.

Upande wa Kanada, Tobermory ndiyo shule. Kuna Sweepstakes, merikebu iliyozama 1885, iliyo kwenye mita 6 tu, ambapo unaweza kujizoeza suti kavu bila presha. Na kuna Arabia, iliyozama 1884, mita 34, yenye nanga zake omo. Arabia imeua wazamiaji zaidi ya mara moja. Kina chake kinaruhusiwa na vyeti vya kawaida, ila giza, baridi na ulevi wa naitrojeni (hewa inayokulevya ukiwa kinani) hukutana pale pamoja.

Kitu kimoja cha kusikitisha lazima kisemwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kome wadogo kutoka eneo la Bahari Nyeusi waliingia Maziwa kwenye maji ya farumi ya meli. Wanachuja maji mpaka yanang'aa, na siku hizi kuona mita 20 au zaidi Ziwa Huron si ajabu, wakati Scapa mita 10 ni siku njema. Lakini kome hao hao wanajibandika kwenye kila ubao na kila nakshi, tabaka juu ya tabaka, na uzito wao unavunja mbao. Majina yaliyochorwa tezi yamefunikwa. Ziwa Superior limesalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu maji yake yana kalisi kidogo. Ila Superior ni baridi zaidi na mbali zaidi.

Hesabu ya dakika

Hapa ndipo naomba msomaji asiruke mistari. Chukua mita 40, mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la bar 200, yaani lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia juu ya maji hutumia lita 20 kwa dakika. Kwenye baridi, na suti nzito, weka 25. Mita 40 shinikizo ni mara tano, kwa hiyo unatumia lita 125 kila dakika.

Sasa hesabu ya kurudi, kwa sababu hewa ya kurudi si yako peke yako. Mwenzako akiishiwa, mnapanda wawili kwa mtungi wako: lita 50 kwa dakika. Dakika moja ya kutulia chini, lita 250. Dakika nne za kupanda, kwa wastani wa shinikizo mara tatu, lita 600. Dakika tatu za kusimama mita 5, lita 225. Jumla lita 1,075, ambazo ni bar 90 za mtungi wako. Kwa maneno mengine, geji ikisoma 90 ukiwa chini, safari imekwisha, hata kama umeona tanga la dhahabu. Zinabaki bar 110, lita 1,320, na ukizigawa kwa 125 unapata dakika kumi na kitu, ukiwa umehesabu pia muda wa kushuka. Kompyuta nayo, kwa hewa ya kawaida, itakukataza kukaa mita 40 zaidi ya dakika 10 hivi kabla ya kukudai visimamo vya lazima njiani.

Dakika kumi. Hiyo ndiyo bei ya kina. Ndiyo maana nasisitiza jinsi meli ilivyolala. Kwenye Cöln dakika zako tano za chini zinafuatiwa na dakika nyingi za mita 25 na 22 ukiwa bado juu ya meli. Kwenye merikebu iliyokaa wima mita 56, hakuna cha kupandia isipokuwa mlingoti.

Mitungi pacha ya lita 12 inaondoa shida ya hewa, nami nadhani mtu yeyote anayepita mita 30 kwenye baridi aende na mitungi pacha, au angalau na mtungi wa pembeni wenye regulata (kifaa cha kupumulia) yake. Nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 28 inakufaa hadi mita 40, ya asilimia 32 hadi mita 33 tu, usizichanganye. Kwa mita 56 unahitaji mchanganyiko wenye gesi ya heli ili kichwa kibaki wazi, mitungi ya ziada ya kupandia, na mafunzo ya miezi, siyo wikiendi. Hapo ndipo Thunder Bay inapoanza kukupa utajiri wake.

Baridi: nyuzi 12 na nyuzi 4 hazifanani

Scapa mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, inafika nyuzi 12 hadi 14. Machi na Aprili ni 6 au 7. Ziwa Huron mwezi Agosti juu ni karibu nyuzi 20, unacheka. Ukishuka unapita mpaka ulio wazi kabisa, kama kuvuka kizingiti, na chini yake ni nyuzi 4 hadi 6. Sababu ni kwamba maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndiyo hukaa chini, kiangazi na kipupwe.

Tofauti ya nyuzi nane inabadilisha vifaa. Pande zote mbili utavaa suti kavu, ile isiyopitisha maji, na nguo nzito za ndani. Scapa wengi huvumilia glavu za mpira zinazolowa. Maziwani chukua glavu kavu, maana vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufunga valvu wala kuachia ndoano ya kamba.

Na valvu utaihitaji. Hewa inapotoka kwenye mtungi wa bar 200 na kupanuka ndani ya regulata, inapoa ghafla. Kwenye maji ya nyuzi 28 hilo hulioni. Kwenye nyuzi 4, unyevu unaganda ndani, kiungo kinakwama kikiwa wazi, na hewa inamwagika mdomoni kwa kishindo bila kukoma. Viputo vinafunika barakoa, husikii kitu, geji inashuka ukiitazama. Dawa yake ni kuhamia regulata ya pili na kufunga valvu ya ile inayomwaga, kwa mkono wako, nyuma ya shingo, ndani ya sekunde chache. Kwa mtungi mmoja wenye regulata moja, dawa hiyo huna. Nunua au kodi regulata iliyozibwa kwa ajili ya maji baridi, usiivutie pumzi ukiwa bado juu kwenye upepo, na jaza suti kwa miguso mifupi mifupi.

Suti kavu ina tabia yake ambayo mtu wa maji ya joto haijui. Ndani yake kuna hewa, na ukipanda hewa inapanuka. Ikikimbilia miguuni unapinduka, na valvu ya begani haitoi kitu. Ndiyo maana kamba ya boya ya Maziwa ni rafiki: una kitu cha kushika. Scapa mara nyingi unashuka kwa kamba lakini unaweza kupanda popote, ukirusha boya lako na kuning'inia chini yake kwenye maji ya kijani bila alama yoyote ya kutazama. Hili nalihesabu dhidi ya Scapa. Jifunze kwanza kwenye bwawa au machimbo yaliyojaa maji, mita 6, mpaka kurusha boya na kusimama mita 5 kuwe kazi ya mikono tu.

Uzito nao: maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa karibu asilimia 2.5. Ukitoka Scapa kwenda Huron na vifaa vile vile, punguza kilo 3 hivi za vizito vya risasi.

Jambo la mwisho la baridi ni damu. Jeshi la Majini la Marekani lilifanya majaribio na kuona kwamba aliyekuwa na joto chini kisha akapoa wakati wa kupanda ndiye aliye hatarini zaidi kupata ugonjwa wa wazamiaji. Naitrojeni iliingia kwa wingi mwili ukiwa moto, kisha ikashindwa kutoka. Mgeni hufanya hivyo hasa: anahangaika chini, anatokwa jasho ndani ya suti, kisha anasimama mita 5 akitetemeka. Kwenye safari za baridi mimi huiweka kompyuta kwenye kiwango cha tahadhari zaidi na kuongeza dakika kwenye kisimamo cha mwisho.

Safari yenyewe

Scapa imepangika. Unalipia juma zima kwenye boti yenye vitanda au unalala Stromness, mji wa bandari wa Orkney, mnazamia mara mbili kwa siku, hewa inajazwa humo humo botini, na boti nyingi zina lifti ya kukutoa majini na mitungi yako. Mbizi ya pili ya siku huwa ya kina kifupi, mara nyingi kwenye meli za mizigo zilizozamishwa kuziba milango ya ghuba, kama Tabarka pale Burra Sound. Zile zina mkondo mkali na huzamiwa maji yanaposimama tu. Unafika kwa feri ya kutoka Scrabster au Aberdeen, au kwa ndege hadi Kirkwall.

Maziwani hali ni ya siku moja moja. Boti ni chache, msimu wa kweli ni Juni hadi Septemba, na upepo ukivuma ziwa linachafuka kwa mawimbi mafupi ya kuchosha. Safari inafutwa asubuhi ukiwa umeshaendesha saa tano. Ukiwa unaishi Michigan au Ontario hilo halikuumizi, utarudi wiki ijayo. Ukiwa unatoka Dar au Mombasa, ni pesa iliyotupwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ahesabu pia viza: ya Uingereza kwa Scapa, ya Marekani kwa Alpena, ya Kanada kwa Tobermory, na ukitaka pande mbili za Huron unahitaji viza mbili.

Kwa hiyo wewe uende wapi

Ukiwa na cheti cha mita 30 au 40, hujawahi kuvaa suti kavu, na una likizo moja: Scapa, Agosti au Septemba, baada ya mazoezi ya suti. Ukiwa mkazi wa Toronto au Detroit: usipande ndege kwenda popote, anza Sweepstakes, fuata Cedarville, na tumia miaka miwili kujenga mafunzo ya kufika Windiate. Kwa anayependa mbao, tanga na habari za mabaharia, Maziwa yatamfaa maisha yake yote, wakati anayetaka historia ya vita na chuma kizito hatapata Huron kitu kinachofanana na Markgraf.

Walio tayari na mchanganyiko wa heli wasibaki na chaguo hizi mbili peke yake. Nje ya Malin Head, kaskazini mwa Ireland, kuna Empire Heritage, iliyopigwa na nyambizi Septemba 1944 ikiwa na vifaru vya Sherman, na vifaru hivyo vimetawanyika sakafuni kwenye mita 67 hivi, kwenye maji maangavu ya Atlantiki. Na kuna Kamloops, Ziwa Superior, karibu na Isle Royale, iliyopotea Desemba 1927 na kupatikana 1977, ikianzia mita 53 na kuteremka hadi karibu 80. Baridi ya Superior imehifadhi kila kitu humo, pamoja na mwili wa baharia mmoja kwenye chumba cha injini. Wako wanaokwenda makusudi kumtazama. Mimi nasema tusiende. Aliyekufa kazini hana wa kumfukia, basi angalau asifanywe maonyesho. Meli ina sehemu nyingine za kutosha za kutazama kutoka nje.

Kwa Scapa weka nafasi mapema, maana boti za Agosti hujaa miezi mingi kabla. Mwambie nahodha wazi unapoandika kwamba umezoea maji ya joto, una mbizi ngapi za suti kavu, na umewahi kufika kina gani. Manahodha wa Stromness wamewaona wageni wa kila aina, na wakijua ukweli watapanga juma kwa mpangilio unaokufaa: Dresden au Cöln siku za mwanzo, Kronprinz Wilhelm katikati, na Markgraf ikiwa tu mikono yako na hesabu yako ya hewa zimeonyesha kwamba uko tayari.